Unsung sio "asiyejulikana"

Haya jamani, habari zenu wote, asanteni kwa kunipa maiki. Leo nimekuja na neno moja tu, neno la Kiingereza, unsung, na najua kuna mtu ameshaanza kujiuliza neno moja litamaliza vipi muda wote huu, ila nivumilieni kidogo kwa sababu hili neno linatafsiriwa ovyo kila siku, kwenye magazeti, kwenye risala za kukabidhi tuzo, kwenye posti za kumpongeza mtu anayestaafu. Utakuta imeandikwa "shujaa asiyejulikana" na hapo chini kuna picha yake na jina lake kamili, sasa hajulikani na nani? Ofisi nzima inamjua, aliyempa tuzo anamjua, we mwenyewe umeandika jina lake alafu unasema hajulikani. Ukisema shujaa asiyejulikana inakuwa kama polisi bado wanamtafuta.

Unsung haisemi kitu kuhusu kama watu wanakujua au hawakujui. Inasema ulistahili kusifiwa na waliokuwa na kazi ya kukusifu walikaa kimya. Basi. Ndo maana mi naliona ni neno la lawama, tena lawama ya kiujanja maana haimtaji anayelaumiwa, unaona mtu anasifiwa kumbe kuna watu wengine hapohapo wanasemwa.

Tuanze na matamshi tuyamalize haraka. Ni ansang', hiyo ng' ya mwisho ni ile ya ng'ombe, sio ya ngoma, na uzito unaangukia kwenye sang'. Limetoka kwenye kitenzi cha kuimba, sing, sang, sung, alafu mbele ikawekwa un ya kukanusha, kwaiyo neno kwa neno ni "isiyoimbwa". Hakuna kitenzi cha unsing ambacho unaweza kukitumia huko mtaani, usije ukasema fulani kaniansing, hapana. Ni kivumishi kimeganda hivohivo.

Sasa kwa nini kuimba? Hapa ndo patamu. Kwa watu wa zamani, Wagiriki, Warumi, na sisi tuliorithi tenzi tunaelewa hili bila kufundishwa, sifa ya mtu ilikuwa inabebwa na wimbo. Rekodi nyingine za kumfikia mtu wa kawaida zilikuwa chache. Ukipigana vita ukashinda na hakuna malenga aliyekughani, wajukuu wa wajukuu zako hawatajua kama uliwahi kuwepo. Yule mshairi Mrumi Horace alilisema hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alisema kwa maneno yake kwamba hata kabla ya Agamemnon, yule mfalme wa Wagiriki kwenye hadithi za vita vya Troya, waliishi majasiri wengi tu, ila wote wamefunikwa na usiku mrefu, hawaliliwi na hawajulikani, kwa sababu hawakupata mshairi. Ona alivyoiweka, hakusema kwa sababu hawakuwa hodari vya kutosha, kasema kwa sababu hawakupata mshairi. Tatizo liko kwa muimbaji. (Na bila shaka Horace mwenyewe alikuwa mshairi kwaiyo alikuwa anajipigia debe kidogo, tusimfiche.)

Kwaiyo maana ya kwanza kabisa ni ile ya wazi, kitu ambacho hakijaimbwa, kwa mfano ubeti ambao kwaya imeuruka. Hiyo ipo mpaka leo ingawa ni nadra. Milton, mshairi wa Uingereza, kwenye utenzi wake mkubwa wa 1667, akifika katikati anasema nusu bado haijaimbwa, na anatumia neno hilihili unsung, na hapo halina huruma wala masikitiko yoyote, anamaanisha tu kazi bado ipo.

Alafu kuna maana ya pili, na hii ina kituko ambacho wengi hawakijui. Mistari inayonukuliwa sana kwa neno hili ni ya Walter Scott, mshairi wa Scotland, ya mwaka 1805. Anamzungumzia mtu ambaye hana mapenzi na nchi aliyozaliwa, mtu anayejijali mwenyewe tu hata awe na vyeo na mali, na anamtabiria kwamba atakufa mara mbili, atarudi kwenye vumbi bila kuliliwa, bila kuheshimiwa, bila kuimbwa. Unsung ndo neno la mwisho pale, linapigwa kama nyundo. Sasa fikirini vizuri, pale Scott hamuonei huruma huyo bwana hata kidogo! Anamlaani. Kutoimbwa ni adhabu, na anastahili.

Leo ukimwita mtu unsung unamaanisha kinyume chake, kwamba hastahili kabisa kunyamaziwa. Neno lilelile, herufi zilezile, limetoka kwenye laana likaingia kwenye pongezi. Mi huwa nawaambia watu wanaosema "nimeangalia kamusi nimeelewa" kwamba kamusi itakupa "haijasifiwa" alafu ikakuacha hapo, haikwambii nani anastahili, na hilo la kustahili ndo limebeba mzigo wote. Kwa Kiingereza cha sasa huwezi kusema unsung thief, watu watacheka, labda kama unafanya utani. Mwizi ambaye hajakamatwa ni unknown, sio unsung. Mwanamuziki mbovu ambaye hakuna anayemsikiliza ni mbovu tu, hajanyimwa kitu.

Sasa niwape mfano ambao kwangu ndo unafafanua neno hili kuliko kamusi yoyote, na nitakaa nao kidogo.

Kuna Mmarekani mweusi anaitwa Vivien Thomas, alizaliwa 1910. Alikuwa fundi seremala, anataka kusoma udaktari, akawa anadunduliza hela ya chuo, mdororo wa uchumi ukaja, mpango ukavurugika. Mwaka 1930 akapata kazi kwenye maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock kule Nashville, kazi ya kusaidia majaribio, na mwaka huohuo benki ikaanguka, akiba yake ikaondoka. Kumbe jamaa ana mikono ya ajabu. Baada ya muda ndo alikuwa anafanya upasuaji wa majaribio mwenyewe, anapima, anaandika matokeo, anabuni mpaka vifaa. Na kwenye daftari la mishahara aliandikwa mfanya usafi. Mfanya usafi jamani, huku anashona mishipa ya damu.

1941 Blalock akahamia hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore na akasema siendi bila Thomas. Huko wakakutana na Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto, ambaye alikuwa anaona watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo, damu haipiti ya kutosha kwenye mapafu, oksijeni inakuwa ndogo, mtoto anageuka rangi ya bluu midomo na kucha, na wengi walikuwa wanakufa. Taussig akatoa wazo kwamba kama ingepatikana njia ya kupeleka damu zaidi kwenye mapafu hawa watoto wangepona. Kazi ya kuitafuta hiyo njia akapewa Thomas. Akaitengeneza hali hiyohiyo kwa mbwa, akairekebisha kwa kuunganisha mshipa unaokwenda mkononi na ule unaokwenda kwenye mapafu, akarudia na kurudia mpaka akaijua kwa vidole. Blalock alikuwa ameifanya mara chache mno.

Tarehe 29 Novemba 1944 wanaingia chumba cha upasuaji na mtoto mdogo. Blalock ndo mpasuaji. Na Thomas amesimama juu ya kistuli nyuma ya bega la Blalock, anamwelekeza, hapo sawa, hapo geuza, mshono uende hivi. Wapo madaktari wengine ndani ya chumba, wote wanaona. Mwaka uliofuata ikatoka makala ya kitabibu kuutangazia ulimwengu, imesainiwa na Blalock na Taussig, jina la Thomas halimo. Upasuaji ukaitwa Blalock-Taussig. Watoto kutoka sehemu mbalimbali wakaanza kupelekwa Baltimore, Blalock akawa maarufu dunia nzima.

Sasa mpime huyu mtu kwa maneno ya Kiingereza moja moja muone lipi linamkaa. Je, alikuwa unknown? Hapana, kila mpasuaji aliyepita pale mikononi mwake alimjua, aliwafundisha vijana ambao baadae walikuja kuwa wapasuaji wakubwa wa moyo. Je, alikuwa underrated, yaani watu walimkadiria chini? Hata hiyo hapana, Blalock alijua thamani yake kiasi kwamba hakukubali kuhama bila yeye, asingemsimamisha nyuma ya bega lake siku ile kama angemuona wa kawaida. Obscure? Hiyo ni kama kitu kimejificha gizani, hakionekani vizuri, na huyu alikuwa amesimama kwenye kistuli chini ya taa kubwa za chumba cha upasuaji. Forgotten, aliyesahaulika? Ili usahaulike lazima kwanza uwe umekumbukwa. Anonymous? Hakuficha jina. Linabaki unsung. Walimuona, walimjua, walimthamini kazini, wakapokea matokeo, alafu ulipofika muda wa kuimba wakaimba majina mawili badala ya matatu.

Na ukiuliza nani hakuimba, jibu lipo na linauma, ni walewale waliomjua vizuri zaidi. Ndo maana nimesema ni neno la lawama. Baadae mambo yalibadilika, 1971 picha yake ilitundikwa pale hospitali, 1976 chuo kikampa udaktari wa heshima, na siku hizi madaktari wengi wanauita upasuaji ule Blalock-Thomas-Taussig. Alifariki 1985. Kwaiyo je, bado ni unsung? Nitarudi hapo.

Kabla ya hapo mgeuze huo mfano. Tarehe 11 Novemba 1920, siku moja, London na Paris walimfanyia mazishi ya heshima kila mmoja askari mmoja aliyekufa kwenye vita kuu ya kwanza ambaye jina lake halikujulikana, yule wa London akazikwa ndani ya kanisa la Westminster Abbey katikati ya wafalme, yule wa Paris akapelekwa kwenye lile lango kubwa la Arc de Triomphe na kuzikwa chini yake Januari 1921. Kaburi la askari asiyejulikana. Huyu kweli ni unknown, hakuna anayejua alitoka kijiji gani. Ila kaimbwa kuliko majenerali! Bendi zinapigwa, marais wanakuja kuweka maua, pale Paris kuna mwenge unawaka tangu 1923. Sasa unaona haya maneno mawili yanavyoenda njia mbili tofauti kabisa? Askari yule hajulikani ila ameimbwa. Thomas alijulikana ila hakuimbwa. Anayetafsiri unsung kama "asiyejulikana" anawachanganya watu hawa wawili, na sijui ni yupi kati yao anaonewa zaidi.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chetu, maana najua swali ni hilo, tuseme nini basi. "Shujaa asiyeimbwa" watu wengine wanaikataa wanasema ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Mi sikubaliani nao sana. Sisi tunasema jina la fulani linaimbwa kila kona, tunasema siku hizi anaimbwa yeye tu, na hakuna aliyefungua kinywa kuimba muziki. Kwaiyo upande wa kuimbwa tayari tunao, wa kutoimbwa unaeleweka vizuri tu. Na mashairi yetu yana watu wa namna hiyo. Fumo Liyongo kaimbwa, nguvu zake, upanga wake, kifo chake, kila mtu anajua. Ila alipokuwa kifungoni aliyebeba mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake akapita nao mbele ya walinzi ni kijakazi Saada. Bila yeye utenzi unaishia gerezani. Jina lake limo, limetajwa, lakini mtu akisema ushujaa kwenye ile hadithi mawazo yote yanakimbilia kwa Liyongo. Kutajwa na kuimbwa ni vitu viwili, ndo maana hata "shujaa asiyetajwa" hainikai sana.

Shida halisi ya kutafsiri iko sehemu nyingine kabisa, iko kwenye wakati. Kiingereza kimeweka un mbele kikaondoka zake, hakikwambii ni lini. Kiswahili hakikuruhusu kukwepa, lazima uchague. Hakuimbwa, imepita, imeisha. Haimbwi, yaani ndo kawaida, hata leo na kesho hali ni hiyo. Hajaimbwa, bado, ila mlango uko wazi. Haya matatu ni hukumu tatu tofauti na ukiwa unatafsiri lazima uusome muktadha kwanza. Ile ya Milton bila ubishi ni haijaimbwa. Laana ya Scott ni hataimbwa, tena milele. Risala ya tuzo ni hajaimbwa, kwa sababu ndo unamuimba sasa hivi. Mi ukinilazimisha nichague moja ya kutumia kwa kawaida nitachukua "ambaye hajaimbwa" ama "wasioimbwa" nikiwa nazungumzia kundi, na kama msomaji wangu ni wa habari za kawaida tu nitasema "hakupewa sifa anayostahili", ndefu kidogo ila haidanganyi. Hapo neno kustahili limetoka nje kabisa linaonekana.

Hapo ndo narudi kwa Thomas. Neno hili lina ugonjwa mmoja, ukilitumia linaanza kuwa uongo. Siku unayosimama mbele ya watu ukasema huyu ni unsung hero, umeshamuimba. Rosalind Franklin ndo mfano mzuri, mwanasayansi wa Uingereza, ile picha maarufu ya eksirei iliyosaidia kujua umbo la DNA, ya 1952, ilitoka maabara yake, akafa 1958 akiwa na miaka 37, na 1962 tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo ikaenda kwa wanasayansi wenzake Watson, Crick na Wilkins. Kwa miaka mingi alikuwa unsung kweli. Leo kila anayetaka mfano wa unsung anamtaja yeye, ana majengo yenye jina lake, ana mpaka kigari cha kutumwa sayari ya Mars kilichopewa jina lake. Jamani huyo ameshaimbwa! Ukiendelea kumwita unsung unafanya mazoea tu. Wakati mwanafunzi aliyeipiga ile picha kwa mkono wake, Raymond Gosling, akiwa chini ya usimamizi wake, wangapi hapa wamewahi kusikia jina lake? Nione mikono. Mnaona.

Matumizi ya kila siku niyapitie haraka. Linapenda kukaa mbele ya nomino, na nomino linayoipenda kupita zote ni hero, mpaka imekuwa ugonjwa, wameganda wawili hawa huwezi kuwatenganisha. Ila linaweza kukaa peke yake baada ya kitenzi, juhudi zao zimeenda unsung, zimebaki unsung. Na sio lazima awe mtu, inaweza kuwa kifaa, kiungo cha chakula, sheria, hata bomba la maji taka, kwa sababu kwa kweli miji mikubwa isingekalika bila mabomba ya maji taka na hakuna aliyewahi kuyaandikia shairi. Kwenye mpira watangazaji wanalitumia kwa viungo wakabaji, wale wanaokata mashambulizi alafu wanampa mpira mtu mwingine apige chenga apigiwe makofi. Makélélé pale Real Madrid ndo kigezo, 2003 wakamuachia akaenda Chelsea, kiangazi hichohicho wamemleta Beckham, na Madrid wakakaa mpaka 2007 ndo wakachukua tena ligi. Hapo unaona unsung ina bei yake.

Kitu ambacho hukifanyi ni kujiita mwenyewe. Mtu akisema mimi ni unsung hero wa hii kampuni, kwanza kajiimba kwaiyo sio kweli tena, pili watu watamuangalia tu. Kama unataka kusema hivo kuhusu kazi yako sema nimefanya hiki na hiki na sikulipwa, ni madai, yanajibika. Unsung lazima itoke kinywa cha mwingine. Na mabosi wanalipenda sana kwa sababu hiyohiyo, ni rahisi, unampa mtu cheti kimeandikwa unsung hero badala ya kumpandisha cheo, na aliyekuwa na kazi ya kuimba miaka yote hiyo ndo huyohuyo anayesaini cheti. Thomas alihitaji kuandikwa kwenye ile makala ya 1945 na kulipwa kama mtaalamu, sio picha ukutani akiwa na miaka 60. Picha ni nzuri, sibishi, ila ilikuja kwa kuchelewa, na neno unsung likitumiwa baada ya hapo linawafariji zaidi waliochelewa.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi hapa anauliza, je unheralded ni sawa na unsung? Karibu, sio sawa. Herald ni mpiga mbiu, anayetangulia kutangaza ujio wa mtu, kwaiyo unheralded ni aliyekuja bila kutangazwa, timu ambayo hakuna aliyeitarajia ikaingia fainali ni unheralded. Inahusu kabla. Unsung inahusu baada, kazi imefanyika, matokeo yamepokelewa, wimbo haujaja. Mtu anaweza kuja unheralded akaondoka ameimbwa sana, na anaweza kupokelewa kwa mbiu na matarumbeta yote alafu kazi yake yenyewe ikabaki unsung, hilo mbona linatokea sana. Haya, kuna mwingine mwenye swali? Dada pale nyuma, mpeni maiki.